Mkunja Miavuli wa Mfaranyaki Agoma Kushona

Saa moja na nusu asubuhi ukungu bado umeulalia mji wa Songea, na kwenye baraza la duka la Bashiru, mtaa wa Mfaranyaki, Lidwina Gama anakunja shati la mteja. Hakunji kama mafundi wengine. Analilaza kifudifudi mezani, anapapasa mishono kwa kiganja kutoka kola hadi pindo, anarudisha mikono mgongoni, kisha anakunja mara tatu kwa kipimo anachokijua mwenyewe. Mteja akishika kola na kutikisa mara moja tu, shati lote linafunguka, na halina hata kunyanzi.

Wateja wamelizoea jambo hilo, na wengine huja na wageni wao ili waone. Wachache ndio wanaojua alikojifunza.

"Mimi nilifundishwa kukunja vitu ambavyo visipofunguka mtu anakufa," anasema, akiokota shati jingine. "Shati ni mchezo."

Kwa miaka kumi na miwili, kuanzia 1971, mama huyu, ambaye mwaka huu wa 1997 ana umri wa miaka arobaini na mitano, alikuwa mkunja miavuli wa jeshi. Askari anaporuka kutoka kwenye ndege akaelea mpaka chini, watu humshangilia yeye. Hakuna anayeuliza ule mwavuli ulikunjwa na nani.

Jumamosi hii mji unaadhimisha siku ya jeshi la anga. Askari wataruka, watatua uwanjani, kisha majina ya wanaanga wa mkoa, yaani waliowahi kulitumikia jeshi hilo, yatasomwa kwenye kipaza sauti. Kila atakayesomwa atasimama, na watu watampigia makofi. Jina la Lidwina halimo.

Sasa sikia vituko. Kamati ileile ya sherehe iliyomwacha kwenye orodha ndiyo iliyomletea majora matatu ya kitambaa cha buluu, awashonee mapambo ya jukwaa, eti kwa sababu hakuna fundi anayemfikia kwa mshono ulionyooka. Mkono wake wameukumbuka, jina wamelisahau.

"Nikawaambia, jina kwanza, kitambaa baadaye," anasema. Hayo yalikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na majora yako palepale kwenye kona ya duka, hayajaguswa na mkasi.

Ujira waliomwahidi ni shilingi elfu arobaini, na kwa fundi wa leo hizo si hela za kuchezea. Zamani Lidwina alishona magauni manne kwa wiki, na siku za kuelekea Krismasi alikuwa akifukuza watu. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na marobota ya mitumba yaanze kumwagwa sokoni, nani ashonewe shati la elfu moja na mia tano wakati la Ulaya linauzwa mia sita? Mwezi uliopita alishona magauni mawili tu. Kazi iliyobaki ni kupunguza suruali za mitumba, mia mbili kwa kila moja, na suruali zenyewe zinatoka kwa Bashiru, anayemkodisha baraza.

"Mimi ndiye niliyemuua, na mimi ndiye ninayemlisha," anatania Bashiru, mfanyabiashara kijana aliyetoka Nakapanya na robota lake la kwanza miaka mitano iliyopita.

"Usijisifu," Lidwina anamjibu bila kuinua macho. "Suruali zako zote zimeletwa kwa watu warefu. Bila mimi ungeziuza kwa twiga."

Binti yake, Noela, mwenye genge la nyanya huko Bombambili, hakupendezwa na mgomo huo. Jumanne jioni alimkalisha mama yake kitako. "Nilimwambia, mama, jina haliliwi," anasimulia Noela. "Paa linavuja, na masika yaliyopita tulilala na ndoo kitandani. Shona, chukua hela, mengine tumwachie Mungu. Akaniambia Mungu hakuwemo kwenye kamati."

Ukimwuliza Lidwina kwa nini jina limekuwa jambo kubwa hivyo, anaweka mkasi chini kwanza. Kwenye kazi yao, anaeleza, hapakuwa na mwavuli usio na mwenyewe. Kila uliokunjwa uliandikwa kwenye daftari, namba yake, tarehe, na sahihi ya aliyeukunja. Tena palikuwa na sheria ambayo haikumwonea mtu haya. Siku yoyote mkufunzi angeweza kuingia, akanyoosha kidole kwenye rafu na kumwambia mkunjaji, "Huo wako. Uvae, twende."

"Ukikunja ovyo, unajikunjia mwenyewe," anasema. "Mimi nilinyooshewa kidole mara kumi na moja. Mara kumi na moja nimetoka mlangoni mwa ndege na kazi ya mikono yangu mgongoni." Ya kumi na moja ilimvunja kifundo cha mguu wakati wa kutua, na ndiyo iliyomtoa jeshini. Mwavuli wenyewe, anasisitiza, ulifunguka vizuri kabisa.

Ukaidi wake haukuanzia kwenye majora ya buluu. Katika kukunja walitumia vifuko vidogo vya mchanga kukandamizia kitambaa kisiteleze, na vifuko vilihesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Siku moja mwaka 1979 vilitoka kumi na viwili, vikarudi kumi na kimoja. Miavuli ishirini ilikuwa imeshafungwa, askari wamepanga mstari, ndege inanguruma. Mkubwa wake akasema kifuko kitakuwa kimeviringika chini ya meza, aweke sahihi watu waondoke. Lidwina akakataa.

"Akaniuliza, binti, unajua unaongea na nani? Nikamwambia najua, afande, ndiyo maana sisaini."

Injini zikazimwa. Miavuli ikafunguliwa mmoja mmoja, mkubwa amesimama pembeni amefura. Kwenye wa kumi na saba wakakiona kifuko kimejibana katikati ya kamba.

"Yule askari aliyekuwa auvae yuko mahali anakula ugali wake, hajui chochote," anasema Lidwina. "Sidai anishukuru. Ila mtu asije kuniambia mimi sikuwa mwanaanga."

Mtu wa kumwambia hivyo anafika saa nne kasoro, kwa baiskeli. Ni Rupert, karani wa kamati, kijana mpole ambaye sare zake za shule zilishonwa na Lidwina huyuhuyu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta orodha?"

Rupert anakohoa. Orodha, anasema, imekuja na mafungu mawili tu, marubani na askari walioruka. Mama alikuwa upande wa ufundi.

"Nimeruka mara kumi na moja, Rupert."

"Sikatai mama. Lakini kamati inataka cheti."

Lidwina anafungua mtoto wa meza ya cherehani na kutoa karatasi iliyohifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mchwa wa Songea wamefanya yao. Muhuri upo mzima na tarehe inasomeka, lakini pale palipoandikwa jina pana tundu unaloweza kupitisha kidole gumba. Rupert anaigeuza karatasi upande wa pili, akitafuta msaada, hauoni.

"Niletee mwavuli wenyewe basi," anasema Lidwina. "Jumamosi hiyo hiyo, mbele ya jukwaa. Niukunje watu wakiona, halafu mniruhusu nipande ndege niuvae. Cheti gani kitashinda hicho?"

Rupert anairudisha karatasi mezani. Anasema anaweza kuomba ujira uongezwe ufike hamsini. Anaweza pia kumtafutia kiti chini ya turubai, pamoja na wake za viongozi.

Hapo Lidwina anakasirika waziwazi. "Mimi si mke wa kiongozi. Na kiti ninacho," anasema, akipiga kiganja kwenye kigoda chake.

Anainuka, anachechemea mpaka kwenye kona, analeta majora moja baada ya jingine na kuyapanga mwenyewe kwenye keria ya baiskeli. Anayafunga kwa mpira, anavuta fundo, anavuta tena kuhakikisha. "Nenda Bombambili, mafundi wapo," anamwambia, safari hii kwa upole. "Endesha taratibu, yasiguse tope."

Bashiru anaisindikiza baiskeli kwa macho mpaka inapopinda kona. "Mama Noela, elfu hamsini hiyo inakwenda zake kwa pedeli."

"Naiona."

Inamuuma, wala hafichi. Anasema alishaipigia hesabu ya mabati tangu Jumatatu, usiku akilisikiliza paa. Lakini ubishi ulimwokoa mtu mwaka ule, na hadhani kwamba leo umegeuka kuwa tabia mbaya.

Mchana Noela anapita kuleta chakula, na Bashiru anamsimulia kila kitu kabla hajaweka bakuli chini. Noela analiweka bakuli mezani. Kisha anamuuliza mama yake Jumamosi atavaa nini.

Lidwina anamwonyesha. Chini ya meza lipo gauni lililokatwa kutoka kwenye kitambaa chake mwenyewe, jeupe, limebaki pindo tu. Sare ya jeshi aliirudisha siku aliyoondoka, kama sheria inavyotaka, na hana haja ya kuvaa kisicho chake. Mpango wake ni kufika uwanjani saa mbili, kabla ya viongozi, na kukaa mstari wa kwanza wa wananchi, mahali ambapo mwenye kipaza sauti hawezi kukwepa kumwona.

"Basi siku hiyo nafunga genge," anasema Noela. "Nitakaa na wewe."

Lidwina anatia uzi kwenye sindano na kuvuta gauni mapajani.

"Wakilisoma jina langu, nitasimama," anasema. "Wasipolisoma, nitasimama vilevile."