Mchomelea mageti wa Makina anayesoma vekta kwa nusu ya kitabu

Saa mbili asubuhi, Mildred Akeyo amepiga magoti kwenye vumbi la Makina, Kibera, akichomelea bawaba ya geti. Cheche zinamrukia. Anapovua miwani, macho yake ni mekundu, na si moto pekee ulioyachosha.

"Jana nilikwama kwenye swali moja mpaka usingizi ukanibeba," anasema. "Nguvu inasukuma kitu kwenye njia iliyopinda. Tafuta kazi iliyofanyika. Sikuipata."

Mildred, mwenye umri wa miaka 27, anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha uhandisi, utakaofanyika Mei. Vekta zenyewe anazielewa: kitu chenye ukubwa na mwelekeo, kama mshale. Shida huanza pale mshale unapobadilika kila hatua, naye anatakiwa kujumlisha vipande vyote vya njia, kimoja kimoja.

Somo hilo lilikuwa halijaisha mwezi wa Desemba 2007, darasa lao la jioni huko Kawangware lilipofungwa kupisha uchaguzi. Halijafunguliwa tena. Mapema Januari, vijana wenye mapanga walipita kwenye ploti alikopanga huko huko Kawangware, wakiwaamuru Waluo kama yeye wahame kwa sababu ya ghasia za matokeo.

Aliyemsindikiza hadi Barabara ya Ngong ni Mburu, Mkikuyu, jirani na mwanafunzi mwenzake. Walikuwa wamechanga wakanunua kitabu kimoja. Wakiwa barabarani, Mburu alikipasua katikati: Mildred akachukua nusu ya vekta, yeye akabaki na ya kalkulasi.

"Aliniambia, 'Shika hii, tutaunganisha mambo yakitulia.'"

Siku iliyofuata, kibanda cha Mburu cha kutengeneza redio, kilichokuwa hapa Kibera alikokimbilia Mildred kwa Waluo wenzake, kiliteketezwa.

"Alinitoa kwao nikiwa mzima, halafu watu wa huku kwetu wakamchomea," Mildred anasema taratibu. "Niliogopa hata kumpigia simu."

Juzi, viongozi waliogombania urais walipokubali kugawana mamlaka, alijipa moyo akapiga, wakapatana kukutana. Ndiyo maana mchana huu anaacha geti bila kulimaliza, ananawa uso, na kupanda hadi Barabara ya Ngong.

Mburu yuko kwenye benchi la muuza chai.

"Niaje, Mildred."

"Poa. Umekonda, Mburu."

Mildred anapoketi, Mburu anamwekea nusu yake ya kitabu mapajani. "Chukua yote. Mimi hiyo eksamu nimeachana nayo. Naenda Kinangop kulima viazi na mathee," anasema, akimaanisha mama yake.

Mildred haigusi. Amekuja na maneno ya pole aliyoyapanga njia nzima, lakini anachotoa mfukoni ni karatasi ya swali lake. "Basi nionyeshe hii kwanza."

Mburu anaitazama sana. "Umejumlisha nguvu yote. Hesabu ile inayofuata njia tu. Ile inayosukuma kando haifanyi kazi." Anachukua kalamu. Wanakosea, wanafuta, wanaanza upya. Chai inapoa.

Jibu linapopatikana, hakuna anayeshangilia. Mburu anaichukua tena nusu yake ya kitabu na kuibana kwapani. Hasemi kama atafanya mtihani. Anasema tu kwamba Jumamosi atakuwepo hapo.

Mildred anateremka kurudi kwenye geti lake, hatua nzito.

"Nataka tuingie chuoni sote wawili," anasema. "Nikiingia peke yangu, kila nikipata jibu la swali nitakumbuka kile kibanda."