Shangazi Giza na Chipu Zisizosahau

Pale maabara kila mtu alimwita Shangazi Giza, hata Dokta, mkuu wa utafiti. Kazi yake ilikuwa kupaka utando wa perovskaiti, madini yanayohisi mwanga, kwenye vioo vidogo kama kucha, kisha kuvifungia gizani. Vikishatoka mikononi mwake viliitwa chipu. Chipu ikimulikwa mara moja inakumbuka, na haili umeme wa maana. Zingebandikwa ndani ya maboksi ya dawa, zieleze kama boksi lilifunguliwa njiani.

"Mimi mume wangu akifunua sufuria najua, wala sina chipu," alisema.

"Boksi la dawa halina mke, Shangazi."

Kwa miaka ishirini na sita, ripoti zilimtaja chini kabisa, "tunamshukuru fundi", kana kwamba alileta chai. Safari hii Dokta aliahidi kwamba chipu zikikumbuka siku tisini, jina lake litakaa juu pamoja na majina ya watafiti. Shangazi alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Basi akamulika chipu sita, nyingine sita akaziacha, zote kumi na mbili akazifunika.

Siku ya themanini na moja wakaja wageni. Dokta akatoa kabatini kisanduku cheusi chenye maandishi USIFUNGUE, akakipeleka dirishani waone vizuri, akakifungua.

"Humu hamjaingia mwanga siku themanini na moja!" akatamba, jua likimwagika ndani. Wageni wakapiga picha. Kwa flashi.

Walipoondoka, ndipo Dokta aliposoma maandishi ya kisanduku. "Shangazi, nimeua."

"Umeua nini?"

"Chipu. Na jina lako."

Shangazi aliendelea kufuta meza. "Hizo mbovu za mwaka juzi. Wewe nakujua, baba. Tanuri ulilifungua mara tatu kuangalia kama linapata joto."

"Za kweli ziko wapi?"

"Subiri siku ya tisini."

Siku hiyo alifungua kabati la mafagio, na nyuma ya karatasi za chooni akatoa kopo la biskuti lililozungushiwa foili.

"Karatasi za chooni, Shangazi?"

"Tangu uje hapa hujabadilisha hata moja."

Wakazipima kwenye chumba cha giza. Kumi na moja zilisema sawasawa zilichokiona. Moja ilikuwa imesahau.

"Hiyo niliipaka asubuhi ya harusi ya binti yangu," alisema taratibu. "Mikono ilikuwa hapa, mimi sikuwepo."

Dokta aliandika ripoti vizuri hadi sehemu ya uhifadhi, akakwama.

"Tuseme zilikaa wapi?"

"Andika: mahali ambapo watafiti hawafiki."

Ripoti ilipotoka, jina la Shangazi lilikuwa la tatu kutoka juu. Alilisoma mara mbili, akakata ukurasa kwa mkasi wa foili, akaubandika ndani ya mlango wa kabati la mafagio, kisha akaufunga mlango.