Nguo Nyeusi Niliyomchagulia Furaha

Kuna harufu moja ambayo hadi leo ikinikuta pale sokoni Kasongo naongeza hatua. Ni harufu ya balo la nguo za Ulaya linapokatwa kamba: vumbi, dawa ya mende, na jasho la watu ambao hutawajua kamwe. Wenzangu wanaipenda, wanakimbilia kuchagua. Mimi inanirudisha kwenye likizo kubwa ya mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, na kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Naliandika hapa kwa sababu daftari halicheki, na wewe unayesoma huwezi kuniangalia usoni.

Mama alikuwa anauza nguo hizo, na bado anauza. Kwetu, kabla balo halijapelekwa sokoni, kila mtoto alichagua nguo yake moja, na wa kwanza kuchagua nilikuwa mimi, kifungua mimba. Niliizoea zamu ile kama mtu anavyozoea upande wake wa kitanda. Kisha akaja Furaha.

Furaha ni mtoto wa dada yake mama. Aliletwa kwa pikipiki kutoka Wamaza, wiki chache baada ya mama yake kuzikwa, na gauni moja na viatu vya plastiki. Nilimzidi mwaka mmoja lakini alinipita kimo, na alikuwa na kicheko cha kuita watu. Mimi nilikuwa mtoto wa kusimama nyuma ya mlango. Siku ya nne tu, majirani walikuwa wakipita wanauliza, "Furaha iko wapi?" Hakuna aliyeuliza mimi niko wapi.

Siku balo lilipokatwa, mama alinishika bega.

"Wee ngoja. Mugeni anachagua mbele."

"Lakini mama, mimi njo mukubwa!" Mimi ndiye kifungua mimba, si yeye.

"Mukubwa njo ule anayengoja."

Iliniuma kwa sababu nyingine pia. Mjomba Saidi, kaka yake mama, ana mtumbwi kule Nyangwe, mtoni, na likizo ile wasichana wa mitaa ya huko walikuwa washindane kupiga kasia. Kundi la mjomba lilibakiza nafasi moja, ya mbele kabisa. Alituita sote wawili: atakayeogelea vizuri kutoka kisiwa cha mchanga hadi ukingoni ndiye angeikalia. "Asiyejua kutoka majini haingii mtumbwi wangu," ndiyo sheria yake. Tena alituonya tusije na vikwembe vya kujifunga kiunoni, maana kikwembe kikilowa kinamfunga mtu miguu kama mbuzi wa sokoni. Tutafute nguo ya maji.

Ndani ya balo zilikuwamo mbili. Moja ilikuwa mayo, nguo ya kuogelea ya kike, nyekundu, laini, yenye mstari mweupe ubavuni. Nyingine ilikuwa nyeusi, nene, ya mpira mpira, yenye mikono mirefu na miguu mirefu, na fermetiri, zipu, ya kufungia mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Mama aliigeuza mara mbili akasema labda ni ya watu wa kuzima moto. Furaha alichukua nyekundu, akaipima kifuani, akacheka. Mimi niliachiwa ile iliyofanana na ngozi ya kambale.

Bibi yangu alikuwa anasema mwenye wivu hujifuta machozi kwa mkono uliosaga pilipili. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara mia bila kuelewa unahusu nani.

Kesho yake tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

"Furaha, nikuambie kitu?"

"Niambie, yaya." Aliniita hivyo, dada mkubwa, tangu siku aliyofika.

"Ile ya nyeusi njo ya wachampioni. Niliona mu telefone. Nyekundu iko ya bamama wa kukaa tu kando ya maji."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu."

Alisimamisha mchi, akafikiri. "Sasa wewe utabakia na ile mubaya? Hapana, yaya. Vaa wewe ya wachampioni."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilisema mimi maji nayajua tangu zamani, yeye ndiye wa kusaidiwa. Akanishukuru, akakubali tubadilishane, akaendelea kutwanga.

Nyangwe, wanawake wawili walihangaika kumwingiza Furaha ndani ya nguo ile. Walimpaka sabuni miguuni, wakavuta, wakapumzika, wakavuta tena, na mwishowe fermetiri ikatokea mbele badala ya mgongoni. "Yoo! Kambale ametoka mu matope!" mmoja alipiga kelele, na ukingo wote ukacheka. Furaha alicheka kuliko wote. Mimi nilisimama na mayo yangu nyekundu, moyoni nikiwa na sherehe.

Mjomba alitupeleka kisiwani, upande ambao mkondo umelala. Alipopiga makofi tukaruka.

Mama huwafundisha wateja wake: vuta lastiki kwanza, uone kama inarudi. Mimi, mtoto wa muuzaji, sikuvuta. Lastiki ya mayo ile ilikuwa imekufa zamani. Ilipolowa ikajaa maji kama ndoo, mikanda ikateleza mabegani, na mimi, mwenye haya hata ya kunawa mikono mbele ya wageni, niliogelea kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kifua. Furaha alikuwa akirusha miguu ovyo, maji yanaruka kila upande, lakini hazami. Alielea kama kibuyu. Alifika. Mimi nilifika nikakaa majini hadi shingoni, nikingoja mtu aniletee kikwembe.

"Kiti ni ya Furaha," mjomba akasema.

Ndipo mimi, ambaye darasani sisikiki, nikapaza sauti: "Ni nguo njo imeogelea! Si yeye! Muambieni avue!"

Mjomba aliibonyeza nguo ile kwa kidole, akakunja uso. Tukapewa kaptula na fulana, turudie, yeye akitufuata na mtumbwi. Kabla ya kuruka, Furaha hakuangalia maji. Aliniangalia mimi.

"Yaya, nitaweza?"

"Kama wewe ni championi, utaweza."

Hakufika mbali. Nilipogeuka, kichwa hakipo. Mjomba alimnyanyua kwa mkono kama samaki, akamlaza mchangani, naye Furaha akatapika maji hadi machozi yakamtoka.

"Nani alikuambia uvae ile nguo?" mjomba alimuuliza.

"Yaya njo alinichagulia," akasema kwa sauti ndogo. "Alijua mimi sijui maji."

Wanawake wakanigeukia. "Aksanti, mutoto mwenye akili!" Mmoja alinishika kichwa. Nafasi ya mbele nikapewa mimi.

Siku ya mashindano tulikuwa wa pili. Kutoka ukingoni nilisikia sauti moja juu ya zote: "Ule wa mbele, njo yaya wangu!" Nilikazia macho maji nisimwone.

Nimeshajua mengi tangu hapo. Nimejua kwamba nguo zile hushonewa watu wa bahari za baridi, na kwamba zinaelea, kwa hiyo uongo wangu ulimchagulia vizuri kuliko ambavyo ningemchagulia kwa ukweli. Nimejua pia kwa nini mama alimpa zamu ile: mtoto aliyetoka kumzika mama yake alihitaji mahali pamoja ambapo anatangulia. Hayo niliyaelewa nikiwa mkubwa, bila shida.

Kinachonishinda ni hiki. Furaha bado anaishi kwetu, na kila mgeni akija anamsimulia namna yaya wake alivyomwokoa Nyangwe, bila kuruka kitu, mikono ikipepea. Na kila mara namwonea wivu upya, kwa sababu yeye ana dada mwema kiasi hicho, na mimi dada huyo sijawahi kukutana naye.