Elisabeth na Kuja kwa Muzee Kijana

Mwaka ule mji mzima wa Bunia ulikuwa unangoja gari moja. Mara ilisemwa liko Mombasa, mara Kampala, mara limekwama mpakani Mahagi kwa ajili ya karatasi, na kila habari ilipofika ilizunguka soko kuu kabla nyanya hazijakwisha kupangwa mezani. Lilikuwa gari jipya kabisa, fupi, la familia, lenye miguu ya kuruka mashimo, lakini waliolitengeneza waliamua kulipa uso wa jipu, zile gari za jeep za zamani: taa mbili za mviringo zilizoachana kama macho ya bundi, na pua iliyosimama wima. Watu hawakungoja kulifahamu jina lake la kiwandani. Walilipachika la kwao: Muzee Kijana.

Aliyeliagiza alikuwa Katsuva, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Bunia vita vilipopoa. Alibandika picha kubwa ya gari hilo mbele ya duka lake kwenye bulvari, barabara kuu ya mji, na juu ya picha akaandikisha neno moja tu: ANAKUJA.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na picha ile, palikuwa na chumba cha mbao alimoshonea Elisabeth. Kwa miaka mingi cherehani yake ilitazama barabara, akisalimiana na wapitaji huku mguu unakanyaga. Wiki ile ile picha ilipobandikwa, aliigeuza cherehani ikatazama ukuta.

"Mama Sandrine, unashona ndani ya giza juu ya nini?" wateja walimuuliza.

"Jua linaniumiza macho," alijibu.

Hawakuuliza zaidi. Bunia ya miaka ile watu walikuwa wamejifunza kutouliza swali la pili. Risasi zilikuwa zimenyamaza mjini, magari meupe ya askari wa Umoja wa Mataifa yalipita kama kawaida, jirani aliyekukimbiza jana alikuuzia chumvi leo. Amani ilikuwepo, lakini kila mtu aliibeba kama yai kiganjani.

Elisabeth alikuwa na sababu yake. Mwaka 2003, asubuhi, akiwa anapuliza makaa nyumbani kwao Mudzipela, aliona taa mbili za mviringo zikichungulia kati ya fito za ua. Zilikuwa zinawaka ingawa jua lilishapanda. Ilikuwa jipu ya misioni, ile iliyokuwa ikileta dawa, lakini sasa ilipakwa matope na ndani yake mlikuwa na watu wenye silaha. Walisema wanamhitaji seremala, paa la nyumba ya mkubwa wao linavuja, watamrudisha jioni. Augustin, mume wake, alikuwa seremala. Alichukua msumeno wake, akamwambia mkewe amwachie ugali. Dereva, ambaye Elisabeth hakumwona uso, alitoa mkono dirishani, akaupiga mlango mara mbili kwa kiganja, pa-pa, jipu ikaondoka.

Augustin hakurudi jioni ile wala nyingine. Elisabeth hakumwekea matanga. Ndugu walipomsihi, alisema mtu usiyeona kaburi lake ukimlilia ni kama umemuua wewe mwenyewe. Binti yao Sandrine, ambaye siku ile alikuwa mdogo na amelala na homa, alikua akijua tu kwamba baba alipotea wakati wa vita. Habari ya jipu hakuambiwa.

Sasa Sandrine huyo ndiye aliyekuwa sekretera wa Katsuva, na hapakuwa na mtu aliyemngoja Muzee Kijana kwa furaha kama yeye. Kila jioni alirudi na picha mpya kwenye simu.

"Mama, angalia mataa yake! Inafanana na mutu anacheka."

"Nimeona, binti yangu. Kula kwanza."

Siku moja Katsuva alivuka barabara mwenyewe, Sandrine nyuma yake akitabasamu. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na alizoea kusema akiwa bado mlangoni.

"Mama, motokari iko nafika! Jumamosi, siku ya posho, batu bote batakuja kuiona. Minataka nguo kubwa ya kuifunika yote, nyekundu. Nikiivuta, batu bapige kelele mpaka Irumu! Mutoto yako amesema hapa Bunia hakuna fundi anakupita."

Elisabeth alimtazama binti yake. Uso wa Sandrine ulikuwa umejaa fahari hata akashindwa kusema hapana.

"Nitashona," alisema.

Gari likafika likiwa limefichwa chini ya maturubai, likaingizwa katika depo, ghala la Katsuva nyuma ya duka. Elisabeth alikwenda kulipima. Mlangoni alisimama kidogo, akashika utepe wake wa kupimia kwa mikono miwili, akaingia.

Lilikuwa hapo. Dogo kuliko alivyodhani, rangi ya majani ya chai, linanuka mpira mpya. Lakini uso ulikuwa ule ule. Alianza kupimia nyuma, mahali ambapo halikuwa na macho. Alipima mgongo, akapima ubavu. Mzee mmoja aliyevaa kabuti la kazi alikuwa anafuta vumbi kwenye vioo. Sandrine alimtambulisha kuwa ni Papa Étienne, dereva aliyelileta gari kutoka mpakani, mtu wa kuaminika, anayezijua jipu za zamani tangu ujana wake.

"Mama, tunakusogezea mbele kidogo upate nafasi," Papa Étienne alisema kwa adabu. Akaingia, akateremsha kioo, akatoa mkono nje. Akaupiga mlango kwa kiganja, pa-pa, akawasha injini.

Utepe ulimtoka Elisabeth mkononi.

Étienne alizima gari mara moja, akadhani amemgonga. Alipotoka alimkuta mama yule ameegemea ukuta, macho hayapepesi.

"Weye," Elisabeth alisema. "Mudzipela. Ulikuja na jipu ya misioni. Ulibeba seremala."

Mzee alikunja kitambaa chake cha kufutia, akakikunja tena. Sandrine alitazama huyu, akatazama yule, asielewe.

"Mama, unasema nini? Seremala gani?"

"Baba yako."

Étienne alikaa chini, pale pale kwenye sementi.

"Walinikamata pamoja na ile jipu," alisema. "Mutu moja alikaa siku yote nyuma yangu na bunduki kwa shingo. Nilikuwa naendesha, Mama. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo minaangusha hii jipu ndani ya mutoni, tukufe bote. Sikuiangusha."

"Sijakuuliza hiyo." Elisabeth alikuja akasimama juu yake. "Nauliza mulimupeleka wapi."

"Njia ya Marabo."

"Unaijua mahali?"

"Ninaijua. Ninapitaka pale na macho yangu inabaki mbele tu."

"Kesho utanipeleka."

Katsuva alipoitwa na kuelezwa, kicheko kilimwisha. Alilizunguka gari lake, akashika kichwa. Njia ya Marabo siku zile haikuwa ya kuaminiwa. Wiki iliyopita tu watu wenye silaha walisimamisha lori na kuwavua watu viatu. Isitoshe gari lake lingine lilikuwa Beni, na hili ndilo mji mzima ulilokuwa unaliota. Likipata mkwaruzo mmoja tu, siku ya posho ataonyesha nini?

"Mama, ngoja nikutafutie pikipiki."

"Ndani ya hii," Elisabeth alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo, ila alijua hatarudi nyuma. "Sura hii ndiyo ilimubeba. Nayo itanipeleka."

"Patron," Sandrine alisema, machozi yanamtiririka, "na mimi ninaenda naye."

Katsuva aliketi juu ya tairi, akapangusa uso kwa leso. Naye alitoka upande wa Butembo, ambako watu walikwenda shamba wasirudi. Hilo halikuhitaji kusemwa.

"Asubuhi sana," alisema mwisho. "Mukisikia kitu, hata kidogo, munageuka. Étienne, unanisikia? Munageuka!"

Wakaondoka. Elisabeth alikaa mbele, Sandrine nyuma. Kutoka ndani hukuziona zile taa wala ile pua. Uliona barabara tu, nyekundu, na mashimo yaliyojaa maji. Hilo lilimshangaza Elisabeth. Alikuwa amejiandaa kwa hofu nyingine.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha askari wa serikali. Mmoja aliinama dirishani na uso mkavu, kisha uso ukafunguka.

"Eh! Hii ndiyo Muzee Kijana?" Akawaita wenzake. Walilizunguka, wakagonga boneti, mmoja akaomba apigwe picha akiwa ameegemea taa. Étienne alicheka nao, lakini hakuzima gari. Wakaruhusiwa.

Baada ya hapo nyumba zilipungua. Majani yalikuwa marefu pande zote. Kwenye kona moja walikuta gogo limelazwa barabarani, na kando yake wanaume watatu wasio na sare. Mmoja alikuwa na bunduki iliyofungwa kamba badala ya mkanda.

"Mungu wangu," Sandrine alinong'ona.

Étienne alitazama kioo cha nyuma. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Mwenye bunduki alikuja polepole, akalitazama gari usoni, akaja upande wa dereva.

"Munaenda wapi na mali hii?"

Étienne alifungua kinywa, neno halikuja. Mtu yule aliona, akaweka kidole karibu na kifyatulio, akauliza tena kwa sauti ya chini.

Elisabeth aliinama mbele ya dereva ili aonekane vizuri.

"Tunaenda kwa kaburi ya bwana yangu," alisema.

Kwa miaka kumi na mitatu neno kaburi halikupata kutoka kinywani mwake pamoja na jina la Augustin. Sasa lilikuwa limetoka, na halikurudishika. Yule mtu alimtazama kwa muda ambao Elisabeth aliona ni mrefu kama mwaka wa njaa. Kisha akatazama pembeni, akiwa kama aliyekumbushwa jambo lake mwenyewe.

"Toa gogo," aliwaambia wenzake.

Étienne alisimamisha gari karibu na daraja dogo la miti, kabla ya kufika Marabo. Hapo ndipo jipu ilipozama katika matope siku ile, alisema. Watu waliobebwa waliamriwa kushuka kusukuma. Ilipotoka, watatu walikimbia kuelekea bondeni, seremala akiwa mmoja wao. Bunduki zililia. Yeye aliambiwa aendeshe, akaendesha.

"Sikugeuka kuangalia," alisema. "Labda alipita. Kila siku nilikuwa najiambia, labda alipita akafika Nyankunde."

Elisabeth aliteremka bondeni. Kulikuwa na nyumba mbili na shamba la muhogo, na mama mzee anayemenya mizizi. Aliitwa Suzanne. Aliposikia walichotafuta, aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Tulizika watatu," alisema. "Hatukujua majina. Tuliwafunga ndani ya mikeka, tukaomba, basi."

"Walikuwa watu namna gani?" Sandrine aliuliza.

"Mumoja kijana sana. Mwingine mufupi, mweusi sana. Na mumoja murefu." Mama mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akakunja kidole cha pili. "Hakuwa na hiki. Kilikatwa zamani, kidonda kilishafunga."

Elisabeth alikaa chini. Msumeno ulimkata Augustin kidole hicho mwaka walipooana, na yeye ndiye aliyemfunga kidonda kwa kipande cha gauni lake. Sandrine alimwelewa mama yake. Alipiga magoti akamkumbatia kutoka nyuma. Hapo ndipo Elisabeth alipolia, kilio kilichokuwa kimengoja mpaka kikasahau njia, kikatoka vipande vipande.

Mama Suzanne aliwaonyesha. Katikati ya muhogo palikuwa na sehemu ya majani tu, isiyoguswa na jembe.

"Hapa hatulimi," alisema.

Walirudi Bunia jioni kabla giza halijaingia. Kwenye ile kona gogo lilikuwa bado lipo kando, watu hawapo. Katsuva alikuwa amesimama katikati ya bulvari tangu mchana. Alipowaona hakulikagua gari, alifungua mlango wa Elisabeth kwanza.

Nguo nyekundu ilishonwa ikaisha. Siku ya posho Katsuva aliivuta, na kelele zilizopigwa zilisikika Mudzipela, ambako wanawake walikuwa wanatandika mikeka uani kwa Elisabeth. Alikuwa anaweka matanga ya mume wake. Waliosikia walianza kufika, wengine wakitoka moja kwa moja bulvari wakiwa bado wamevaa nguo za sherehe, wakaona aibu, wakaambiwa wakae tu. Wengi walilia watu wao pamoja na Augustin. Katsuva alileta mifuko miwili ya mchele, akaketi nyuma.

Saa za alasiri Sandrine aliona mtu amesimama nje ya ua, kofia mkononi, hathubutu kuingia. Alikuwa Papa Étienne.

"Mama, nimufukuze ama nimuite?"

Elisabeth alitazama kati ya fito. Wimbo wa maombolezo ulikuwa umeanza tena, na mtu wa kanisa alikuwa anamngoja aseme maneno ya kwanza.

"Mupelekee kiti," alisema. "Akae pale pale."