Dada Yangu Hakunywa Hata Tone

Naomba nisiambiwe tena nipunguze hasira. Mchungaji ameniambia, msimamizi wangu kazini ameniambia, hata mama anayeniuzia mboga mtaani Hai Mauna, hapa Juba, alinishika mkono akasema pole pole, utapata presha. Presha na ije! Dada yangu yuko chini ya udongo mtaa wa Lemon Gaba, na aliyemsukuma huko amekaa ofisini kwenye hewa baridi, katika nchi ambayo sijui hata watu wake hunywa nini asubuhi, na serikali yake inamlipa kwa kazi hiyo.

Mimi nililelewa Kenya. Wazazi walikimbia vita nikiwa mgongoni mwa mama, dada akabaki huku na nyanya. Niliporudi Juba nikiwa mtu mzima, yeye ndiye aliyenifundisha Kiarabu cha hapa, akinicheka kila nilipokosea, akiniita mtoto wa Kenya mbele ya majirani zake wote. Nilimpenda kwa namna ambayo mtu humpenda ndugu aliyemkosa utotoni, yaani kwa pupa. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwake Lemon Gaba.

Kipindupindu kilipoingia mjini nilijiunga na timu ya chanjo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Mwenzangu alikuwa mama Mganda anayeuza chakula soko la Jebel. Alikuwa amefunga kibanda chake kwa sababu wateja wake walikuwa wanaanguka mmoja mmoja. Yeye alibeba boksi la barafu, mimi daftari na chaki. Chanjo yenyewe ni ya kunywa: unakata kichwa cha kichupa cha plastiki, unamkamulia mtu mdomoni, anakunja uso, anameza, unampaka wino kidoleni. Kabla ya kuondoka unaandika mlangoni watu wa nyumba hiyo ni wangapi, na waliokunywa ni wangapi. Sita kwa sita, hapo kazi imekwisha. Sita kwa sifuri, timu ya pili itapita kuwabembeleza.

Kule Kenya nilikua naona chaki milangoni, ya sensa au ya polio, na hakuna aliyeitazama mara mbili. Sikufikiria kabisa. Hapa, waliobaki wakati wa vita wanajua maana ya mgeni kuhesabu watu wa nyumba yako na kuandika: usiku watarudi wenye bunduki. Hilo ni kosa letu, nalikubali mbele ya Mungu. Lakini kuna mtu aliyelijua kosa hilo kabla yetu, akalifanyia kazi.

Siku ya pili mama Mganda alisimama katikati ya njia akanipa simu yake. "Sikiliza hii. Mimi iko naona hii chaki iko naleta shida. Watu nafunga mlango."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiarabu cha Juba safi kabisa, mtulivu, anaongea kama mtu wa familia anayekupa habari za nyumbani. Alisema dawa hiyo inakausha tumbo la uzazi. Alisema wazungu wameileta kwa makusudi. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba wasiokunywa wanaandikiwa sifuri mlangoni, na nyumba zenye sifuri zitajulikana. Ona ushetani huo! Ukinywa umekwisha, usipokunywa umeandikwa.

Nyumba ya dada ilikuwa kwenye orodha yetu wiki hiyo hiyo. Nilimkuta uani anachuja maji kwa kitambaa, maji ya tanki yaliyomwagwa pipani asubuhi, na mume wake amesimama mlangoni. Aliona boksi, akanyooka.

"Hapana, mdogo wangu. Kaa unywe chai, lakini hicho hapana."

Nilimwambia nimekunywa mimi mwenyewe. Nilimwonyesha kidole changu chenye wino. Nilipiga magoti, jamani, mbele ya mwenzangu, nikamshika sketi. Dada akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma.

"Yule wa kwenye simu anaongea kama sisi," akasema. "Wewe bado unaongea kama Kenya. Watakutuma, na wewe hutajua kama umetumwa."

Hakunywa. Mume hakunywa, wala yeyote mwingine katika wale sita. Utaratibu ni utaratibu, kwa hiyo nikaandika sita kwa sifuri kwenye mlango wa dada yangu wa tumbo moja, nikaondoka nimenuna kama mtoto.

Siku chache baadaye tuliitwa mkutanoni, na fundi mmoja wa kompyuta akatufungulia mambo. Sauti ile haikutoka Juba. Ilikuwa moja kati ya nyingi zilizotengenezwa katika ofisi moja, kwa fedha za serikali ya nchi moja kubwa inayogombana na nchi iliyotoa chanjo. Walikodi watu wanaojua lugha zetu, wakawapa maneno wayasome. Jioni hiyo rafiki yangu wa Nakuru alinitumia nyingine, kwa Kiswahili. Maneno yale yale, hata pale anapovuta pumzi ni pale pale, ila wamebadilisha jina la mji. Yaani hawakupata hata taabu ya kutubunia uongo wetu sisi! Walitukatia kitambaa kimoja kama sare za shule.

Nilimpigia dada hapo hapo, nikamweleza yote mbio mbio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe," akauliza bila ubaya, "wanaokulipa ni nani?"

Ninalipwa, ndiyo, na wageni, ndiyo.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa bado inaimba mume wake aliponipigia. Nilipanda boda nikiwa na viatu vya kanisani. Mlango ulikuwa wazi, na juu yake chaki ilisema sita kwa sita. Nilisimama nikaisoma tena. Mwandiko haukuwa wangu. Shemeji aliniambia bila kunitazama usoni: kwa kuogopa sifuri ile alikuwa ameifuta kwa kitambaa, akaandika sita, ili wawaache. Na kweli waliachwa. Timu ya pili ilipita, ikaona nyumba imekamilika, ikaenda zake.

Dada alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Tangu alfajiri alikuwa amekataa kupelekwa kwenye mahema ya wagonjwa, kwa sababu sauti ile ilishayasema vibaya na hayo mahema pia. Tulimbeba kwa nguvu. Muuguzi alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta mkono ule. Kabla ya saa saba mchana dada alikuwa amekwisha kuondoka, na mimi nimemshika mguu, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi ya kumshika.

Basi nasikia redioni wakubwa wamekutana mahali kuzungumzia usalama wa dunia. Wanahesabu makombora. Ala! Kombora gani lingeingia hadi uani kwa dada yangu, likaketi naye, likanywa naye chai, likamwambia ninakupenda kuliko huyu mdogo wako? Na ugonjwa wenyewe haukusimama Lemon Gaba. Madereva wa malori waliondoka nao barabara ya Nimule wakauvusha mpakani hadi nchi jirani, na huko nako sauti ilikuwa imeshatangulia, inawangojea kwa lugha yao. Hao wanaocheza hivi na watu wa mbali wanadhani mbali ni mbali. Washenzi! Nasema hivyo na sitafuti neno jingine.

Nilidhani nimefika mwisho wa hasira. Wiki ya nne baada ya mazishi, shemeji akanitumia ujumbe wa sauti. Ni sauti ya yule mwanamume, na utulivu wake ule ule. Anatoa pole kwa familia moja ya Lemon Gaba. Anasimulia habari ya mama wa nyumbani aliyekunywa chanjo kutoka kwa mkono wa mdogo wake mwenyewe, akafa. Anasema mdogo huyo alilelewa nje. Chini yake kuna picha ya mlango wa dada, sijui aliyeipiga ni nani, na chaki inasomeka vizuri: sita kwa sita.

Nikaisikiliza mara ya pili, ndipo nikaona shemeji ameandika maneno machache chini ya ule ujumbe. Alikuwa anauliza kama ni kweli.

Nikampigia. Sikumsalimu.

"Shemeji, siku ile wewe hukuwepo? Hukusimama mlangoni ukamsikia akikataa? Hiyo sita hukuiandika wewe kwa mkono wako?"

Nikawasikia kuku wake uani.

"Nilikuwepo," akasema. "Lakini huyu ana picha."