Begi Namba Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Yadi alinipa koleo la kubania na mfuko wa sili, akanisimamisha nyuma ya lori. Sili ni kile kifungo chenye namba. Unakipitisha kwenye waya wa mlango wa lori, unakibana, na lori likivuka mpaka kila mtu anaona halikufunguliwa njiani. Nilikuwa mama wa watoto watatu kutoka Dabani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini namba nilizijua kuliko wengi waliovaa tai pale.

"Mama," akaniambia, "wewe unafunga mlango. Ndani kuna sukari, kuna sabuni, kuna mawe, si shauri lako. Namba iko mlangoni. Mlango ukifika mzima, umemaliza."

Maneno hayo niliyashika, na ndiyo yaliyokuja kunitia aibu uzeeni.

Kampuni yetu ilikuwa ya kupitisha mizigo forodhani. Baada ya miaka ya kubana sili pale mpakani Busia, walinihamishia ghala la Tororo, chini ya Msimamizi wa Ghala, mtu mwembamba mwenye hasira za asubuhi. Yeye alinifundisha kitabu cha stoo. "Mzigo ukihama lori, andika namba ya lori jipya. Usipoandika, mzigo umepotea, hata kama umeukalia." Niliandika. Wakanirudisha Busia nikiwa Mtunza Stoo, na jina langu likawa Mama Stoo. Hakuna sili yangu iliyowahi kukataliwa mpakani. Nawaambia nyinyi wajukuu bila kuona haya: hata moja.

Halafu zikaja laptopu.

Zamani makaratasi ya mizigo yalijazwa kwa mkono. Sasa yakawa yanajazwa kwenye mashine, na mashine zikaanza kuibwa. Mwaka wangu wa mwisho kazini, makao makuu yakamtuma Fundi wa Kompyuta, mtu wa makamo mwenye tumbo na sauti ndogo. Alizipanga laptopu tisa kwenye meza ya stoo, kila moja juu ya begi lake, zote nyeusi, zinafanana kama mapacha. Alishinda kutwa anabonyeza.

"Unaziwekea nini?" nikamuuliza.

"Programu ya kuzifuatilia, Mama. Inajificha ndani. Mashine ikipata mtandao, inasema yenyewe iko wapi, na Meneja anaona alama kwenye ramani ya simu yake. Ikiibwa anaipiga kufuli kutoka huko huko. Inakuwa giza."

"Kumbe ni sili."

Akacheka. "Ni sili, Mama. Sili inayoongea."

Laiti ningenyamaza, na yeye angenyamaza. Aliniachia stika, moja hadi tisa, akasema: "Kwenye ramani kila mashine nimeipa namba. Bandika kila moja namba yake kama zilivyopangwa." Akaenda kula. Nami nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote. Nikazitia mashine ndani, nikafunga zipu, nikabandika namba nje. Kwenye mabegi. Fundi aliporudi akaona stika zote tisa zimenyooka, akanisifu.

Namba nne nilimpa Athieno, binti wa Kisoko aliyejaza makaratasi ya mizigo. Namba saba nikampa Wandera, aliyekimbia na makaratasi kati ya ofisi yetu na upande wa Kenya. Wiki haikuisha, zipu ya Athieno ikakatika. Wandera akamwambia, "Dada, chukua langu. Mimi nabeba kwapani, zipu ya nini?" Wakabadilishana mabegi mbele ya macho yangu, kila mtu akabaki na mashine yake. Nami, kwa kiburi cha kazi safi, nikaandika kitabuni: namba nne sasa Wandera, namba saba sasa Athieno.

Siku moja mchana, Wandera aliingia stoo jasho linamtiririka. "Mama Stoo, begi limekwenda! Nimenawa mikono tu pale hotelini, kugeuka, kiti kitupu!"

Nikafungua kitabu. "Wandera, namba nne," nikamwambia Meneja wa Tawi. Meneja akatoa simu, akabonyeza kufuli kwenye namba nne.

Chumba cha pili tukasikia kelele. "Yesu wangu! Mashine imekufa! Nina lori la nyanya hapa!"

Ilikuwa sauti ya Athieno. Meneja hakumsikiliza, alikuwa anakodolea ramani. Askari aliyekuwa ameitwa akachungulia pia. Alama ya namba nne ilikuwa imekaa juu ya paa letu.

"Mwizi yumo humu humu," Meneja akasema polepole.

Tukaingia chumbani. Athieno ameshika mashine iliyo giza, pembeni begi limeandikwa saba.

"Hii ni ya Wandera," Meneja akasema.

"Hapana, Bosi, ni yangu."

"Yako ni saba. Hii ramani inasema nne."

"Basi ramani inasema uongo."

"Na ya kwako umeiuzia wapi?"

"Bosi, yangu ndiyo hii! Tazama, mafuta ya mandazi yangu yako kwenye herufi A!"

Wandera akaipindua mashine, akaitazama juu, akaitazama chini. "Mimi sijui," akasema. "Zote nyeusi."

Namba nne imeibwa hotelini, na namba nne iko hapa mezani. Nikafungua kitabu, kimeandikwa vizuri. Nikakifunga, nikakifungua tena. Nikadhani labda uzee umeingia machoni. Askari alikuwa amekwisha kumshika Athieno mkono. Binti hakulia. Alinitazama mimi tu, akasema, "Mama Stoo, si wewe uliyenipa?"

Hapo nikamsikia Mkuu wa Yadi, marehemu, na koleo lake: namba iko mlangoni. Nikalitazama begi. Huo ndio mlango. Walibadilishana milango, mizigo ikabaki, na mimi nikaandika kwamba mizigo imehama.

Nawaambia ukweli, nilitaka kunyamaza. Miezi miwili tu nistaafu, bila doa. Nilihesabu hatua hadi mlango wa stoo: kumi na moja.

"Mwachie," nikasema. "Namba nilibandika kwenye mabegi. Mashine zenyewe hazina kitu. Mashine ya Wandera ni ile ambayo simu yako inaiita saba. Mwizi yuko huko nje, mjinga ni mimi."

Meneja akabonyeza saba. Alama ikatokea upande wa pili wa mpaka, inatembea. Ikatembea kidogo, ikazimika. Haikuonekana tena. Saa nzima tulikuwa tumemshika mtu wetu, na mwizi ameitumia vizuri.

"Mama Stoo," Meneja akasema, "miaka yote hii!" Ingekuwa heri anitukane. Athieno alifunguliwa mashine, akarudi kwenye nyanya zake. Jioni ile nilibandua stika zilizobaki kwa kucha, nikazibandika chini ya matumbo ya mashine zenyewe; ya Athieno nikaiandikia nne mpya, maana ile ya kwanza ilikwenda na begi. Kwa siku nyingi binti yule alichukua kalamu stoo bila kunisalimia, na sikumlaumu.

Sasa niko nyumbani Dabani, mnaniita Kukhu, yaani bibi, na mnaniuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Bado najisifu kwa sili zangu zote. Lakini programu ile mpaka leo siielewi sawasawa, na nimeacha kusema "kumbe ni" kitu fulani kabla sijauliza mara mbili.

Siku ya kuniaga nilivaa gomesi mpya, lile gauni letu la sherehe. Athieno alikuja wa mwisho, ameficha kitu kiganjani. Akanishika mkono, akanibandika stika nyuma ya kiganja, akaikandamiza kwa kidole gumba. Namba nne.

"Kwenye ngozi, Mama," akasema. "Si kwenye gomesi."