Kibuyu Kitupu na Sikio la Serikali

Nilimpiga askari polisi sikioni kwa kibuyu kitupu, saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, mlangoni pangu mwenyewe. Naanza hapo kwa sababu kila mtu hapa Sikstifoo, yaani Eldoret, huanza hapo akisimulia habari zangu, na wengi wameongeza chumvi. Eti nilishika panga. Eti nilimng'ata. Sikumng'ata. Ningemng'ataje, na mkono mmoja nimeshika kibuyu na mwingine nimembeba mtoto wa miezi mitatu?

Askari mwenyewe tulikuwa tunamjua lokesheni nzima, mtaa wetu Waafrika. Alitoka mbali, sijui wapi, na Jumamosi zake zilikuwa za pombe. Si kunywa, hapana, Mungu atuepushe na mawazo mabaya. Alikuwa anaitafuta. Anaingia nyumba kwa nyumba, anainua mifuniko ya sufuria, ananusa mitungi, anachungulia chini ya vitanda vya watu. Akipata busaa anaijaza chupa moja iwe ushahidi, iliyobaki anaimwaga chini mwenyewe akitazama. Kazi ya maana sana. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara mtaa wa pili kwa sababu ya mfereji, lakini busaa, jamani, busaa ingeangusha himaya.

Asubuhi ile mama mkwe alikuwa amefika. Yeye na mzee wake walikuwa maskwota kwenye shamba la kaburu upande wa Kapseret, na kaburu alikuwa ameamua kwamba ng'ombe wa maskwota wanakula nyasi kwa kiburi, akaamuru wapunguzwe. Mama alibaki na ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa. Kwa siku tisa alikuwa anatenga kidogo kidogo kwa ajili yangu, kwa sababu maziwa yangu ya kifua yalikuwa yameanza kukauka na mtoto alikuwa halali kwa njaa. Kwetu mwanamke aliyejifungua huletewa mursik, maziwa yaliyolala siku nyingi ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum. Yanakuwa mazito, machachu, na rangi yake ni ya kijivu kama mawingu ya mvua. Mama mkwe alitembea na kibuyu hicho mgongoni kutoka alfajiri. Alipokiweka chini alisema tu, "Kunywa, mama wa mtoto. Hii itateremsha."

Sikuwahi kunywa. Askari aliingia kabla sijatafuta kikombe.

Alikiona kibuyu, akang'oa kifuniko, akanusa. Akaona ukijivu, akaona chembe nyeusi za mkaa, akatabasamu kama mtu aliyeokota pete. Akaingiza kidole, akalamba.

"Kali hii," akasema. "Mnaitia majivu ili ipande haraka?"

Nikamwambia ni maziwa. Mama mkwe akamwambia ni maziwa, kwa Kiswahili chake cha shambani ambacho hata mbuzi angekielewa. Askari akasema maziwa ni meupe, yeye si mtoto. Akatoa chupa ya soda mfukoni, akaijaza, akaiziba kwa kipande cha gunzi la mahindi. Halafu akatoka na kibuyu mpaka mlangoni, akakiinamisha.

Nilisema naye vizuri. Nataka iandikwe hivyo. Nilimwambia, "Afande, chukua kibuyu chote kituoni kikapimwe, lakini usimwage." Kwetu maziwa hayamwagwi chini hivi hivi, hata yaliyoharibika yana namna yake. Alimwaga. Alimwaga polepole, akizungusha mkono ili hata yale mafuta yaliyoganda pembeni yatoke, na yalipokwisha akapigapiga kitako cha kibuyu, pu, pu, pu. Mama mkwe akapiga magoti akaanza kuyazoa na udongo kwa viganja. Askari akacheka. Akamwambia, "Mama, hata chini unaifuata? Wewe umezoea sana."

Nilimnyang'anya kibuyu nikampiga nacho.

Kibuyu kitupu, msomaji, ni kitu chepesi. Kofia ndiyo iliyoanguka, si yeye. Alishangaa kuliko alivyoumia. Lakini kofia ya serikali ilikuwa imegusa udongo wa lokesheni, na kutoka hapo mambo hayakuwa mikononi mwetu tena.

Kituoni inspekta alinisomea shtaka mara mbili, mara ya pili polepole, akidhani sijui Kiingereza. Nilimwomba aruke sehemu aliyoirudia. Nilisoma sekondari mimi, mmoja kati ya wasichana wachache wa kwetu waliofika huko, na walimu wangu walitumia jasho jingi kunifundisha lugha hiyo ili siku moja nielewe vizuri jinsi ninavyofungwa. Shtaka la pombe lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kumshambulia afisa wa polisi akiwa katika kutekeleza wajibu wake. Hilo, alieleza, linahesabiwa kwa miaka.

Niliuliza kama ningempiga jirani yangu je. Akasema ah, hilo ni jambo dogo, wazee wa lokesheni wangelimaliza. Na kweli, kuku mmoja na pole mbili zingetosha. Sikio ni lile lile, la nyama ile ile. Likivaa kofia yenye nembo linapanda bei.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Atabaki na baba yake."

"Baba yake ana maziwa?"

Inspekta aliniangalia kama nimetukana. Swali hilo la mtoto ndilo lililokuwa mbele yangu wiki zile mbili za kungoja kesi, na sikuwa na lingine. Si jela. Jela ningelala. Lakini mtoto asiyekubali chupa, aliyekuwa tayari anapungua mashavu, angekaa vipi miezi, achia mbali miaka? Mume wangu, karani wa stoo ya mahindi, mtu mpole ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwa paka, alimpata bosi wake anidhamini, kisha akarudi nyumbani akaniambia nikubali kosa. Mzee wa kanisa akasema nikubali kosa. Majirani walionishangilia Jumamosi, ilipofika Jumatatu wakasema nikubali kosa. Mimi nilikuwa tayari kukubali nilimpiga, maana nilimpiga. Kukubali kwamba maziwa ni pombe, hapo ndipo tuliposhindwana.

Mama mkwe peke yake hakunishauri. Alikuwa akimwogesha mjukuu wake, akaniambia jambo bila kunitazama. Askari huyo huyo, mwezi uliopita, alitumwa kwa kaburu wao kuuliza habari za kipande, kile cheti cha kazi, cha mfanyakazi mmoja. Kaburu hakupenda kuulizwa. Alimchapa kiboko mbele ya wafanyakazi wote, akamteremsha verandani kwa teke. Mama mkwe ndiye aliyempa maji ya kuoshea mgongo.

"Na serikali ikafanya nini?"

"Inspekta alikuja siku ya pili," akasema. "Walikunywa chai."

Nilikwenda kituoni kulalamika. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza sajini wa kaunta aliniambia mshtakiwa hawezi kushtaki. Mara ya pili kitabu cha malalamiko kilikuwa kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa safarini Burnt Forest. Mara ya tatu kabati lilikuwa wazi, kitabu kipo, ila wino ulikuwa umekwisha, na sajini alinieleza hayo akiwa anaandika barua ya mtu mwingine.

Basi tukafika mahakamani.

Askari alitoa ushahidi kwa ukakamavu. Alisema mshtakiwa ni mkali kwa tabia. Alisema alipoteza kusikia kwa muda wa siku tatu. Halafu wakaleta ile chupa ya soda. Kumbuka ilikuwa imekaa wiki mbili imezibwa kwa gunzi, kwenye joto la kabati. Karani alipoishika ikalia paa, gunzi likaruka mpaka kwa mkalimani, na povu la kijivu likateremka kwenye karatasi za serikali. Askari akaoneshea kidole, macho yanang'aa.

"Bwana Mheshimiwa anaona mwenyewe nguvu yake."

Hakimu, Mzungu mzee mwenye kikohozi, aliisogeza puani. Alinusa muda mrefu. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba alikulia kwenye shamba la ng'ombe huko kwao, na kama hii ni pombe basi bibi yake alikuwa mlevi maisha yake yote. Hii ni jibini iliyokosa subira. Shtaka la pombe likafutwa hapo hapo. Mkalimani alikataa kuitafsiri hiyo ya bibi, nikawatafsiria watu mimi mwenyewe, nikaonywa.

Nikaruhusiwa kumuuliza askari maswali.

Nikamuuliza kama alionja. Akasema alionja. Nikamuuliza kama alilewa. Akafikiri, akasema, "Kidogo." Watu wakacheka mpaka hakimu akagonga meza. Ningeishia hapo ningeonekana mwerevu sana. Lakini nikaendelea.

"Kabla ya siku ile, umewahi kupigwa ukiwa kazini?"

Alitazama buti zake. Hakimu akasema swali halihusiani na kesi, mshtakiwa akae. Nikakaa. Sheria inayomlinda afisa kazini, kumbe, haihusiani na afisa kupigwa kazini. Unaishi, unajifunza.

Hukumu ilikuwa hivi. Kumpiga afisa ni kumpiga afisa, hata awe amekosea kuhusu maziwa. Miezi mitatu jela. Nilihisi mtoto akizidi uzito mikononi. Hakimu akakohoa kisha akaendelea: sitaingia jela ikiwa kufikia saa kumi jioni ya kesho nitakuwa nimepeleka barua kituoni kwa mkuu wa polisi, nimeiandika kwa mkono wangu, yenye maneno ya kuomba radhi kwa kumpiga afisa. Kituo ni lazima kiipokee, kiipige muhuri, kiisajili, na nakala irudi mahakamani. Nikishindwa, naingia, na mtoto anabaki nje. Akauliza kama nimeelewa. Nilielewa. Nilielewa vizuri kuliko alivyokusudia.

Nje, askari alinifuata mpaka kwenye ua wa miti. Alikuwa amevua kofia. Nilimsogeza mtoto upande wa pili.

"Mama," akasema, "usiniulize vile tena mbele ya watu."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo." Akaizungusha kofia mikononi. "Mimi nina watoto wanne. Nikisema yule amenipiga, kesho sina kazi. Nikisema wewe umenipiga, inspekta ananisifu. Ungefanya nini?"

"Nisingemwaga maziwa."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Sijamsamehe. Naandika tu alivyosema.

Kesho yake asubuhi mume wangu alinitengenezea meza. Alinipa karatasi nzuri kutoka stoo, akanichongea kalamu, akaandika yeye mwenyewe kwa penseli mfano wa barua ya kuomba radhi, mistari mitano mizuri yenye unyenyekevu mwingi, mtumwa wako mtiifu na kadhalika. Nilimshukuru. Nilichukua mstari wake wa kwanza, kwa sababu ulikuwa na maneno yote aliyotaka hakimu, na mengine nikaandika yangu kwenye karatasi ile ile, upande ule ule, bila kuacha nafasi ambapo mtu angeweza kupitisha mkasi. Alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Baadaye akauliza, "Lazima?"

Nikamwambia kitabu cha malalamiko hakina wino, lakini amri ya mahakama inao.

Akachukua koti lake akanisindikiza.

Sajini wa kaunta alisoma mstari wa kwanza akafurahi. Alisoma wa pili akaniangalia. Alifika katikati akasema hii si barua ya radhi, haipokeleki. Nikamwonesha karatasi ya amri ya hakimu, nikaweka kidole kwenye neno lazima. Nikamuuliza kama anataka nirudi kwa hakimu nikamwambie kituo kimekataa barua ya mahakama. Aliita mwenzake. Mwenzake alisoma, akakuna shingo, akasema radhi imo. Mtoto akaanza kulia, nikakaa kwenye benchi lao nikamnyonyesha hapo hapo, nikingoja. Saa tisa na dakika arobaini sajini alipiga muhuri, kwa nguvu kiasi kwamba kaunta ilitikisika, akaandika namba, akanipa nakala. Ilisema hivi:

"Kwa Mkuu wa Polisi. Bwana, kwa unyenyekevu naomba radhi kwa kumpiga afisa wako sikioni siku ya Jumamosi, na naahidi sitarudia. Pamoja na hayo nawasilisha malalamiko yafuatayo. Kwanza, afisa wako aliingia nyumba ya mama anayenyonyesha bila hati, akamwaga chakula chake baada ya kuambiwa mara mbili ni maziwa, na mahakama imethibitisha ni maziwa. Naomba aulizwe. Pili, alimcheka mama mkwe wangu akiwa amepiga magoti. Mama huyo ana umri wa kumzaa. Naomba aende Kapseret amwombe radhi kwa mdomo wake, nami nitakuwepo. Tatu, nimekuja kwenye kaunta hii mara tatu kulalamika na kufukuzwa, na naomba iandikwe kwamba nilikuja. Nne, mwezi mmoja kabla ya kosa langu, afisa huyo huyo alichapwa kiboko na kupigwa teke na mwenye shamba ambako mama mkwe wangu anaishi, akiwa amevaa sare na ametumwa na wewe. Mashahidi wapo, ni wengi, na mimi niko tayari kuwaleta. Mimi nilihukumiwa miezi mitatu kwa kibuyu kitupu. Naomba sheria iliyonihukumu mimi ifunguliwe kwa ajili yake pia, ukurasa ule ule, na kama kuna sababu ya kutoifungua, naomba nijibiwe kwa maandishi. Ni mimi, mama wa nyumba, lokesheni ya Waafrika, Eldoret."